Kopo ya javel

Tulikuwa batatu katika mizabibu ya patron, mwenye shamba: baba, mwenye kukata matawi, yaya, dada yangu mukubwa, na miye, mutoto wa mwisho. Leo mujukuu wangu amemwanga javel, dawa kali ya kuua vidudu, jikoni, na harufu imenirudisha kule.

Ugonjwa ulikuwa unakula mizabibu ndani ya shina. Kisha kukata kila muti, baba alichovya musumeno katika kopo ya javel niliyobeba, asipeleke ugonjwa kwa muti muzima. Siku moja nikaimwanga. Kwa kuogopa fimbo, nikajaza mayi.

"Javel ya leo hainuki," baba akasema.

"Ni mafua yako, baba," yaya akanifichia.

Kisha miaka, mizabibu yote ikakauka. Baba akafukuzwa kazi, akakufa akisema mvua njo ilileta ugonjwa. Kama nimekosea, munirekebishe: muniambie ilikuwa mvua.