Nilijifanya nimefika Vietnam, aibu ikamfika mama yangu

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili msipoteze muda kumtafuta shetani aliyenipotosha. Shetani siku ile alikuwa na kazi zake. Mimi nilijipotosha mwenyewe.

Jina sitalitaja. Kalemie, hapa kando ya ziwa, si mji wa kumficha mtu: ukikohoa sokoni asubuhi, mchana watu wa bandarini wanakuuliza kama umepona. Niiteni mpiga picha, inatosha. Wanaonijua watanijua, na wacheke polepole.

Nina studio ndogo. Napiga picha za kadi, za ubatizo na za harusi, lakini kinacholeta wateja ni montage. Unakuja na vumbi lako miguuni, unasimama mbele ya kitambaa cha kijani, nakupiga, halafu kompyuta yangu inakupeleka unakotaka. Nimempeleka Paris mama mmoja muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani kwetu, pamoja na beseni lake. Katekista mmoja nilimpeleka Roma, na picha yake ameiwekea kioo.

Niliporudi kutoka Lubumbashi, nilikojifunzia kazi hii, nilikuja na flash imejaa picha za Vietnam. Sikuzitafuta, zilikuwa humo nilipoinunua. Jamani, nchi ile imeumbwa. Kuna ghuba inaitwa Ha Long: maji ya kijani, na vilima vimechomoza humo majini, kila kimoja peke yake na msitu wake kichwani. Kuna Sapa, ambako watu wamekata milima ngazi kwa ngazi wakapanda mpunga. Kuna mji wa zamani, Hoi An, wenye taa za rangi zinazoning'inia hadi mtoni. Na juu mlimani, karibu na Da Nang, kuna daraja la rangi ya dhahabu lililoshikwa na mikono miwili mikubwa ya mtu asiye na mwili.

Nikajipiga. Nikajiweka pale Ha Long ndani ya mtumbwi, kasia mkononi, na shati langu la Jumapili. Picha nikaitundika mlangoni, kama mfano wa kazi. Ilikuwa matangazo tu, naapa.

Ndipo akaja Solange. Hilo si jina lake, lake nalificha pia. Alikuja kupiga picha za dosie ya kuomba kazi. Akasimama mlangoni, akaitazama picha, akanitazama na mimi.

"Weye njo huyu? Ulifikaka kule?"

Ningejibu kwamba ni montage, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini ninyi hamkumwona alivyosimama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilifikaka."

"Na kule kuko namna gani?"

Akavuta benchi, akakaa.

Nikamwambia bosi mmoja wa migodi wa kule Lubumbashi alinichukua katika safari yake, nimpigie picha. Kesho yake Solange akarudi. Na keshokutwa yake. Ikawa asubuhi nasoma picha kwenye kompyuta, jioni nazisimulia kana kwamba nimetoka huko jana.

Solange ni mzaliwa wa hapa hapa. Mbali alikofika ni Kongolo, kwa treni, kwenye matanga ya babu yake. Ni mtu anayependa njia kuliko chakula. Na maswali yake hayaishi. "Ile mikono ya daraja, vidole vinapita nyumba?" Nikamwambia vinapita, na kwamba mimi mwenyewe nilipitiwa na usingizi juu ya kidole gumba. "Sapa kuko baridi?" Nikamwambia bibi kizee mmoja wa kule aliniazima koti, na siku ya kuondoka akanililia. Huyo bibi nilimpenda hata mimi.

Swali moja tu lilikuwa linanitoa jasho. Kila akishiba hadithi, anauliza: "Na mie utanipeleka lini?"

Hapo nageuza maneno. Nasema visa ni ngumu. Nasema ni msimu wa mvua. Siku moja nilimwambia ndege za huko zinaanguka sana. Siku hiyo aliaga mapema.

Lakini tulipendana, hilo si uongo. Tukakubaliana nipeleke watu kwao, tutoe mahari.

Mkubwa wa ukoo wetu hapa mjini ni baba yangu mdogo. Ile picha ya mlangoni aliiona, akaniuliza, nikamjibu kama nilivyomjibu Solange, pamoja na kidole na bibi wa koti, akaamini kuliko anavyoamini Injili. Mama yangu yeye anakaa Mpala. Alifika na mtumbwi wa injini siku moja kabla ya mahari, ana kuku wawili, ana unga, ana furaha yake. Habari za Vietnam sikumgusia. Nilijiambia, nani atamuuliza?

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana ndiyo iliyoninasa. Siku ya mahari kijana anayeoa hana mdomo. Anakaa mbele ya wakwe kama gunia la mihogo. Msemaji wa kwenu anasema, msemaji wa kwao anajibu. Wewe ukifungua kinywa, ni faini. Kwa hiyo uongo wangu siku ile ulikuwa mdomoni mwa mzee aliyeuamini kwa moyo wote, na mimi sina ruhusa ya kupunguza hata chembe.

Baba mdogo akasimama, akakohoa, akavuta shati.

"Ba Papa, ba Mama, mutoto wetu huyu hapana muntu wa juzi. Mie nilifika Kabalo tu, na treni ikatukufia njiani. Lakini huyu alivuka mabahari. Alifika Vietnam! Alilala mu mukono wa daraja, bantu ba kule bakamulilia akiondoka."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Nilipoinua macho, nikakutana na ya mama. Alikuwa amenigeukia mzima mzima, mdomo wazi kidogo.

Baba yake Solange, mkulima wa maneno machache, hakupiga makofi. Akajikuna kidevu. "Muntu anatembea hivyo, mutoto wangu atamuweka wapi? Ataenda naye kule, tubakie kumuona mu simu?"

Kabla baba mdogo hajajibu, akainuka shangazi yake Solange. Mama huyo anauza vitambaa sokoni, na upande wao ndiye msemaji. Hana haraka.

"Mie niko na ulizo moja tu. Muntu akienda hata Kigoma hapa ng'ambo, akirudi, mama yake anaonekana. Sabuni, sukari, kanga, kitu. Huyu alifika mwisho wa dunia." Akamgeukia mama yangu, kwa heshima kabisa. "Mama muzazi, alikuleteaka nini?"

Mama akagusa kitambaa alichojifunga kichwani.

"Alinileteaka hiki."

Wanawake wawili waliokaa mkekani walikuwa wamejifunga kitambaa kile kile, maua yale yale.

"Mama," shangazi akasema polepole, "hiki njo nauzishaka mimi. Kinatoka Kigoma."

"Labda ba Kigoma banakinunuaka kule Vietnam," mama akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Hata padri angecheka. Shangazi akasubiri watulie, kisha akatoa hukumu yake: "Muntu anafika kule kote, anasahau mama yake. Bibi wa kuoa njo atamukumbuka?" Nikaona vichwa vya wakwe vinakubali, kimoja baada ya kingine.

Lakini si hicho kilichoniinua. Nilimtazama mama, nikaelewa kitu kilichonikata maini. Yeye hakuwa anaficha uongo wangu. Alikuwa ameuamini! Aliamini kwamba mwanawe alizunguka dunia, akaona mazuri yote yale, akarudi bila hata kumwambia. Na pamoja na uchungu huo alikuwa bado ananitetea mbele ya watu, kwa kitambaa alichojinunulia mwenyewe.

Nikasimama.

"Kaa chini, unatuharibishia," baba mdogo akaninong'oneza.

"Sijafika Vietnam," nikasema. "Sijapanda hata ndege. Lubumbashi kwenyewe nilienda kwa treni. Ile picha ni kompyuta. Mama yangu sikumusahau, hakukuwa safari."

Baba mdogo akakaa yeye badala yangu. Hakuniangalia tena siku ile, na mpaka leo ananisalimia kwa kidevu.

Aliyecheka kwanza ni shangazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akapata sauti: "Mutoto huyu, umeniacha nadanganya mbele ya bantu, na mie ni mama wa kanisa?" Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na akavuta kitambaa chake vizuri kichwani kama mtu aliyerudishiwa haki yake.

Na baba yake Solange, yule wa maneno machache, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Kumbe haukufikaka fasi yoyote?"

"Fasi yoyote, Papa."

"Basi njo muntu muzuri. Atabakia hapa na mutoto wangu."

Nikatozwa mbuzi mmoja kwa kufungua kinywa. Nilimtoa nikicheka. Nilijua nimepona. Ndugu zangu, nilikuwa naona harusi, naona keki, naona hata nguo nitakayovaa.

Ikabaki jambo la mwisho. Kwetu wazazi hawapokei kitu kabla ya kumuuliza binti mbele ya watu wote. Wakamtoa Solange chumbani, amependeza hadi nikasahau faini. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa ile nyumba ni wa mbao.

Baba yake akamuuliza: "Mwanangu, vitu vya bantu njo hivi. Tuvikamate ao tuviache?"

Binti huinamisha kichwa, anasema "muvikamate", na wanawake wanapiga vigelegele. Shangazi alikuwa tayari ameshajaza pumzi.

"Muviache kwanza," Solange akasema.

Pumzi ya shangazi ikatoka kimya. "Sababu ya uongo wake?"

"Hapana. Uongo nilianza kuujua siku ya kulala juu ya kidole." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Niliujua na nilikuwa naupenda. Kila jioni nilienda kuusikiliza. Nilikuwa nangoja tu siku moja aniingize na mie ndani. Nikimuuliza utanipeleka lini, ananiambia visa, ananiambia mvua, ananiambia ndege zinaanguka. Kwenda Vietnam kwa mudomo, nani anakatisha tikiti?"

Akanigeukia.

"Hata mu uongo wako ulienda peke yako."

Akarudi chumbani. Tukakusanya vitu vyetu tukarudi navyo nyumbani. Mbuzi wa faini hakurudi. Yule walimla.

Sasa niko hivi. Jioni nikifunga studio napita kwao. Baba yake ananipa kiti, mama yake ananipa chai, wote wananitaka. Wamemsihi binti yao mpaka wamechoka, jibu lake ni lile lile: bado. Akinipita uani na ndoo yake ananisalimia vizuri, kama anavyowasalimia wateja wangu. Haniulizi tena habari ya mahali popote. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumwa kwa kukosa maswali.

Mama yeye amerudi Mpala, na huko amekwisha kuwasimulia wote. Nikimpigia simu ananiita mgeni wa Vietnam, anauliza zawadi yake iko njia gani. Yeye amenisamehe, nalijua hilo kwa jinsi anavyonitania.

Nawaonya ninyi mnaojaza simu zenu milima na bahari za watu. Usijisifie safari ambayo hukwenda, maana siku ya kuulizwa zawadi hutaulizwa wewe, ataulizwa mama yako, na atakutetea hata kwa kitambaa cha kichwa chake.

Na kama umeshindwa kabisa kuuzuia mdomo, umekwisha kuanza kusimulia, na mtu unayempenda akakuuliza utampeleka lini, basi mwambie kesho. Mwambie afunge mizigo. Mimi nilimwambia ndege zinaanguka.