Fimbo Kwenye Ngazi ya Mfanafuthi

Fimbo ya kaka yangu Mfanafuthi niliiweka mimi mwenyewe ndani ya jeneza, upande wa mkono wake wa kulia. Nalisema hili mapema, asije mtu akaniambia nilisahau.

Kaka alimaliza mara tisa zile mbio ndefu zinazopita barabara yetu, kutoka Durban kupanda hadi Pietermaritzburg. Anayemaliza mara kumi hupewa namba yake ya kudumu; hata akifa, haivaliwi na mwingine. Yeye hakuipata. Goti la kushoto lilimgomea, akachechemea mpaka siku ya kufa: hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Alijilaumu kwamba alijua kukimbia tu, miguu hakuijenga. Ndiyo maana kila alfajiri alimsimamisha bintiye Ntombifikile kwenye ngazi ya mlango. Mguu mmoja unabaki juu, mwingine unashuka taratibu mpaka kisigino kiguse chini, fimbo inagonga saruji mara tano, na wote wawili wanahesabu kwa sauti.

"Goti ni mbeba mzigo tu, binti," alimwambia. "Paja na nyonga zikilala, linaumia lenyewe."

Kaka alipofariki mwezi wa kumi, Ntombifikile, au Fikile kama tulivyomwita, naye alikuwa amemaliza mbio hizo mara tisa. Kwetu, nyumba yenye msiba haipigiwi kelele mpaka kitambaa cheusi cha maombolezo kivuliwe. Mimi, mkubwa wa nyumba sasa, nikapiga marufuku.

"Barabarani kimbia. Lakini kuhesabu hapa mlangoni kama watoto wa chekechea, hapana."

"Nitafanya kimyakimya, Baba mdogo."

"Ngazi ya marehemu hiyo. Iache!"

Akaiacha. Mwezi wa pili goti likaanza kumuuma akiteremka vilima. Mwezi wa tatu nilimwona akirudi ndani ya ukungu: hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Goti la kushoto. Niliogopa, na kwa kuwa naona aibu kuogopa, nikamgombeza.

"Unamwigiza baba yako?"

"Naumwa, Baba mdogo. Halafu, nani anagonga ngazini alfajiri?"

"Panya."

"Panya gani anaishia tano kila siku?"

Kesho yake nilikaa nyuma ya mlango na kikombe changu cha chai. Ko. Ko. Ko. Ko. Ko. Polepole, bila haraka yoyote. Kisha hatua zikaondoka, moja nzito, moja ya kuburuta. Nikafungua. Umande ulikuwa umelowesha ngazi yote isipokuwa kiduara kimoja kikavu, upana wa ncha ya fimbo. Chai ilinimwagikia mapajani na sikuhisi moto.

"Fikile! Njoo upande ngazi."

"Na msiba je?"

"Marehemu mwenyewe ndiye anayekuita. Panda, usinibishie!"

Nikahesabu mwenyewe, kwa sauti. Akapunguza mbio zake nusu, akawa anaongeza kidogo kila wiki. Alilala chali akiinua nyonga, akatembea kiubavu na mpira wa baiskeli umefungwa juu ya magoti, akajifunza kuteremka vilima kwa hatua fupi. Kufikia mwezi wa tano mguu ulikuwa umeacha kuburuta. Ngazini, hata hivyo, kila alfajiri tulitanguliwa.

Siku ya mbio nilisubiri Pietermaritzburg, dakika zikiyeyuka kabla ya bunduki ya kufunga. Alipotokea sikumtazama uso, nilitazama magoti. Yalikuwa yanakwenda sawa. Alivuka zikiwa zimebaki dakika sita, nami nikalia mbele za watu, mzee mzima.

Alfajiri iliyofuata niliiweka namba yake kwenye ngazi.

"Kaka," nikasema, "kumi. Nisamehe nilimchelewesha."

Nikarudi nyuma ya mlango kungoja kugongwa. Kimya. Halafu hatua zikashuka ngazini na kuelekea lango, nami nikatega sikio nisikie mburuto. Moja nzito. Ya pili nzito vilevile.