Mijusi Wakikimbilia Juu

Baba alipofariki alituachia nyumba ya matofali mabichi, shamba la mahindi, na mizinga ya nyuki aliyoitundika kwenye msitu wa mtoni, mwendo wa kama saa moja kwa miguu nyuma ya kijiji chetu cha Kabungu. Nyumba hakuna aliyeitaka. Shamba nalo lilikuwa limechoka. Mizinga ndiyo iliyoleta maneno.

Matanga yalipoisha, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikohoa akasema mzinga uko juu ya mti na mwanamke hapandi mti, kwa hiyo mambo ni rahisi. Mizinga aichukue yeye. Miti ya msitu ule ikatwe, pafunguliwe shamba la tumbaku. Na mama ahamie kwake, atunzwe. Hilo la kutunzwa alilisema kwa sauti ya upole kabisa. Mama alijua maana yake na mimi nilijua pia: kibanda nyuma ya jiko la mke wa shemeji, kula kwa kusubiri, na kuomba ruhusa hata ya kwenda gulioni.

Mama akasema mizinga ataitunza mwenyewe. Watu wa ukoo wakabishana mpaka chai ikapoa, mwisho wakampa msimu mmoja. Siku ya kurina asali wakikuta nyuki wamo, mizinga, msitu na nyumba vinabaki vyake. Wakikuta nyuki wamehama, basi, afungashe. Baba mdogo akanigeukia akaniuliza mimi binti msomi, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, kama shuleni walitufundisha kukwea. Nilikuwa na jibu tayari, tena bovu, ila mama alinikanyaga mguu nikalimeza.

Kesho yake alifungua sanduku akatoa suruali ya kaki ya baba, ile aliyokuwa akiendea msituni. Akaivaa, akaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, akajitanda kitenge juu yake. Miaka hiyo ya tisini, kwetu, mwanamke kuvaa suruali ilikuwa habari ya wiki nzima. Tulipopita kisimani wanawake wote wakanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Mama akawasalimia mmoja mmoja, akauliza na habari za watoto, akapita. Mimi nilikuwa nyuma natamani ardhi inimeze. Tulipofika msituni alivua kitenge, akanipa nikishike, akapanda mti.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa utepe tu unaofuata mto, lakini miombo ya pande zote ilipokauka mpaka majani yakawa yanapiga kelele ukiyakanyaga, pale palibaki kijani. Ndani ni giza, chini ni majani yaliyooza, na unyevu unapanda mpaka kwenye soksi. Na mijusi, jamani! Sijaona mahali penye mijusi kama pale.

Kwetu hata mijusi tumewagawia dini. Kuna mjusi kafiri, yule wa rangi ya vumbi mwenye vidole vinavyoganda ukutani, na kuna mjusi islamu, yule anayeng'aa kama aliyetoka kujipaka mafuta. Pale msituni kila mmoja alikuwa na mtaa wake. Mijusi islamu walikaa chini, kwenye majani yaliyooza, hawapandi popote. Mijusi kafiri wa msituni walikaa kwenye mashina, tena walipenda zaidi kujibanza chini ya kifuniko cha mzinga, mahali pakavu penye joto. Juu matawini alikaa kinyonga, anatembea kana kwamba kila hatua anaomba ushauri.

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu hao wote: ukimkuta karibu na mzinga, ua. Ndivyo walivyofanya warina asali wote niliowajua. Mjusi anakula nyuki, nyuki wakichoka kuliwa wanahama, kesi imekwisha. Kwa hiyo mama alikuwa juu na mimi nilikuwa chini na fimbo, na kila aliyeshuka nilimmaliza.

Haikusaidia. Mvua za kwanza zilikuwa hazijakolea tulipokuta mzinga mmoja mtupu. Masega yamo, nyuki hawamo, na mijusi wamejaa kwenye shina. Wiki iliyofuata, wa pili. Mama alishuka akakaa kwenye mzizi. Nilimwona anaangalia msitu ule mtu anavyoangalia nyumba ambayo kesho si yake, na nikaogopa kuliko siku ya mazishi.

Kisha akaniambia nimpe mijusi niliowaua, wote, na kisu.

Nilidhani amepagawa. Mama alikulia Ikola, kando ya ziwa, kazi yake tangu utotoni ilikuwa kupasua samaki, na aliwapasua wale mijusi vilevile, kwa mkono mmoja, akiwapanga kwenye jani la mgomba pori. Mimi nilishika pua. Tukaanza kuangalia nani kala nini. Matumbo ya mijusi islamu yalijaa mchwa, sisimizi, buibui na miguu ya nyenje. Ya mijusi kafiri yalijaa mabawa ya nondo, wale nondo wa kijivu ambao funza wao wanatafuna masega. Mama aliyagusa mabawa yale kwa ncha ya kisu. Nyuki tulimkuta mmoja tu, katika tumbo la mjusi mmoja.

Nikasema, si huyo hapo, nyuki. Mama akanitazama.

"Wewe Krismasi ulikula nyama. Ng'ombe ulimchinja wewe?"

Nikaelewa: huenda mjusi alimwokota nyuki aliyekwisha kufa. Kwa hasira, lakini nikaelewa. Tangu siku hiyo tukawaacha mijusi kafiri wakae chini ya vifuniko vyao, wawale nondo. Kinyonga, huyo simtetei. Yule alikuwa anajipanga mbele ya mlango wa mzinga na kuwadaka nyuki kwa ulimi mmoja mmoja, bila aibu. Mimi kinyonga namwogopa mpaka leo, lakini mama alikata kijiti, akamwacha apande mwenyewe, akambeba hadi ng'ambo ya mto akamwambia huku ndiko kwake. Baada ya siku chache alirudi, au alikuja ndugu yake. Mama akambeba tena.

Bado hatukujua nyuki wanafukuzwa na nini. Mama akaamua tutakuwa tunakuja kila alfajiri, si mara moja moja kama wanavyofanya wanaume. Niliuliza kama ni lazima na mimi. Alinijibu kwamba nikitaka nibaki, nikamsaidie baba mdogo kujenga kile kibanda. Nikavaa viatu.

Ikawa asubuhi moja baada ya mvua. Mama alikuwa juu ya mti anakagua mzinga, mimi nilikuwa nimewasha moto mdogo kando kwa ajili ya kienge, kile kicha cha nyasi cha kufukizia nyuki moshi. Ghafla majani ya chini yakaanza kutikisika. Mijusi islamu, wale ambao sijawahi kuwaona hata wakipanda gogo lililolala, wakatoka mbio na kulipanda shina la mti wa mzinga, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka wengine wakadondoka na kupanda tena. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nikainua fimbo.

"Usiwapige!" mama alisema kutoka juu. "Angalia wanakimbia nini."

Nikaangalia. Nyenje walikuwa wanaruka hovyo, buibui wanakimbia na mayai yao, na nyuma yao majani yalikuwa yamegeuka meusi na yanatembea. Siafu. Si mstari mmoja, zulia zima. Wa mbele walikuwa wameshaanza kulipanda shina.

Hapo ndipo tulipoelewa yote mawili kwa pamoja. Siafu wanakuja, wanaingia mzingani, nyuki wanashindwa, wanahama. Siafu wanaondoka zao. Mrina asali anafika baada ya siku kadhaa, anakuta mzinga mtupu na mijusi waliokimbilia juu bado wako kwenye shina, anasema wezi ndio hawa. Baba yangu, na ujuzi wake wote, maisha yake yote alikuwa anawaua waliokuwa wanamletea taarifa.

Ila wakati huo sikuwaza baba. Nilichota majivu ya moto wangu kwa mikono, yana moto bado, nikayamwaga kulizunguka shina. Nikaungua viganja, nikachota tena. Mama akashuka akiwakanyaga siafu waliokwisha panda, wanamng'ata shingoni, na yeye anawapangusa shinani kwa mkono mtupu. Siafu walifika kwenye majivu, wakasita, wakageuka. Kuhusu majivu hakuna asiyejua kwetu. Siafu wakija mlangoni ndicho unachomwaga. Lakini nyumbani unalala, siafu wakija unaamka. Mizingani hakuna aliyekuwa analala.

Mzinga ule ulipona. Basi kazi ikawa hiyo. Kila alfajiri tunabeba majivu kwenye kapu, tunaangalia mijusi islamu. Wakiwa chini kwenye mtaa wao, tunaongeza majivu kidogo kwenye mashina na kwenda shambani. Wakiwa wamepanda, tunakimbia. Mvua ikinyesha inayasomba yote, kesho tunaanza upya. Majivu ya jiko letu hayakutosha, tukaomba kwa majirani. Mama mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na mifugo upande wa pili wa barabara, alitupatia ya mavi ya ng'ombe anayochoma zizini kufukuza mbu. Akauliza nyie huko msituni mnampikia nani.

Matokeo yangu yalitoka katikati ya msimu. Hayakuwa ya kutangaza. Nilimwambia mama, akasema pole, kisha akaniuliza kama nimeangalia mti wa mwisho kule kwenye kona ya mto. Nililia njia nzima, lakini niliuangalia.

Siku ya kurina baba mdogo alikuja mwenyewe, jua likiwa limeinama, na panga mkononi. Alikuwa amevaa suruali yake nzuri ya kuendea mjini Mpanda na viatu vya kufunga kamba. Nilijua panga lile halikuja kwa ajili ya asali. Njiani alikuwa anaipigapiga miti mikubwa kwa ubapa wake, akiniambia huu utatoa kuni za kukaushia tumbaku, na huu, na huu. Mama alitangulia. Aliweka kitenge chake kwenye tawi, akapanda na kienge.

Baba mdogo akasimama chini, miguu ameipanua, anatazama juu. Mama alifungua kifuniko na mlio wa nyuki ukatoka, mzito, unasikika mpaka tumboni. Akakata sega la kwanza akalishusha kwenye ndoo kwa kamba. Lilikuwa limejaa. Baba mdogo alichovya kidole, akaonja, akasema mzinga mmoja si ushahidi.

Wakati huo huo mijusi islamu wakampita katikati ya miguu, mbio, kuelekea mtini. Akacheka. Akaanza kuwapiga kwa ubapa wa panga, anasema ndiyo maana asali inapungua, mnafuga wezi. Mimi nilikuwa nimeshavuka ndani ya duara la majivu. Mama aliinama kutoka juu.

"Shemeji, hama hapo."

Akajibu kwamba hawezi kuamrishwa na mwanamke aliye juu ya mti.

"Shemeji, nakuomba. Hama hapo ulipo."

Hakuhama. Aliua mjusi mmoja, na mwingine, na alipoinama kumtafuta wa tatu, uso wake ukabadilika. Siafu hawang'ati mara moja. Wanapanda kwanza, wote, ndipo wanaanza. Nitasema ukweli: nilifurahi. Alitupa panga. Alipiga mapaja, akazunguka, akaangua kelele ambayo sikujua mtu mzima anayo, na mwisho heshima ikamshinda. Akafungua mkanda na kuivua ile suruali ya mjini, mbele ya shemeji yake na mbele yangu mimi mwanawe, akaitupa, na siafu wakaifunika palepale.

Mama, kwa adabu, alikuwa ameshageuza uso akaukumbatia mti. Aliongea akiwa anatazama gome.

"Mpe baba yako mdogo kitenge changu."

Nikampa nikiwa nimetazama pembeni. Akajifunga. Mama aliendelea kukata masega, na baba mdogo akasubiri mpaka mzinga wa mwisho, ameketi kwenye gogo ndani ya duara letu la majivu, kitenge cha maua kimemfika kwenye vifundo vya miguu. Mizinga yote iliyokuwa imebaki ilikuwa na nyuki. Hakuuliza tena habari ya ushahidi. Tulirudi nyumbani kwa mstari, mama mbele amevaa suruali ya marehemu, ndoo kichwani, mimi katikati, baba mdogo nyuma kabisa, na pale kisimani wanawake wakanyamaza tena. Safari hii mimi ndiye niliyewasalimia, mmoja mmoja.

Kitenge kilirudishwa baada ya wiki. Alikileta mkewe, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri juu ya mfuko wa sandarusi uliojaa. Mama akauliza mfuko ni wa nini. Yule mama akasema hajui, ameambiwa tu aulete. Mama akaufungua, akaingiza mkono. Yalikuwa majivu, yamechekechwa, yote safi ya jikoni, ya kututosha mpaka mvua zilizofuata.