Barua Niliyoitega Imefika Ujiji

Barua hii imetujia kwa herufi za Kiarabu, nasi tumeigeuza kwa herufi za gazeti. Majina ya watu tumeyabadili. Maneno ni ya mwenyewe.

Amahoro, wasomaji. Nifichieni jina, ingawa hapa Rumonge mwanamke anayeandikia watu barua ni mimi peke yangu. Wanaojua kusoma gazeti hapa hawazidi wanne, na wote siri zao ninazo, kwa hiyo wataninyamazia.

Nina miaka thelathini na mbili, ni mjane, nina watoto wawili. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akanifundisha kusoma na kuandika huku namkorogea wino wa masizi. Mume wangu alipofariki niliona heri kalamu kuliko kurithiwa na shemeji. Lakini kazi ya kalamu haikufuati mlangoni. Wanawake wa hapa walizoea kwenda kwa karani mwanamume, na maneno ya chumbani wanayameza. Ndipo nikafanya mambo mawili. Kwanza, shoga yangu Mwamvua, anayezunguka na mawese na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, toka Magara mpaka Kabonga, akawa ananitangaza kila anapopita: "Rumonge iko mwanamke anaandika, mambo yako yanabaki kwa wanawake." Barua zikikauka anazichukua yeye, anazipa mitumbwi ya Ujiji. Pili, siku za soko nilisimama mwaloni, penye mitumbwi, nikawasomea watu maneno matamu niliyowahi kuandika, bila kutaja jina la mtu. Wateja wakaja mpaka mkeka ukawa hautoshi.

Mwaka huu mambo yakageuka. Mama mmoja akanijia juu: "Niliyokuambia wewe yamefikaje mtoni, tunakochota maji?" Mwingine akaichukua barua yake kabla wino haujakauka, hata kwaheri hakusema. Nikajiuliza, siri hizi anazijua nani? Mimi, mwenye barua, na Mwamvua anayeketi pembeni yangu akitafuna muwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumtazama. Akicheka na watu, najiuliza wanacheka nini. Akichelewa, najiuliza amepitia kwa nani. Siku moja nikamkuta anaipuliza barua mbichi, ameishika sawasawa kabisa, juu iko juu, chini iko chini. Jamani! Asiyejua kusoma anajuaje juu ya barua ni wapi? Kumbe shoga anasoma, na miaka mitatu yote ananificha!

Sikumuuliza. Nikamtega.

Zena ni mteja wangu wa kwanza. Mume wake yuko Ujiji, anachonga mashua za Wadachi. Alikuja kuandikisha salamu: mutoto ameota meno, paa linavuja, rudi kabla ya mvua. Nikaandika, nikamsomea, akaridhika, akaenda. Alipoondoka nikaongeza mstari mmoja wa kwangu: "Nimechoka kungoja, nipe talaka yangu." Nikaifunga barua kwa uji wa muhogo, nikamwambia Mwamvua, "Hii usiondoke nayo mpaka Ijumaa." Nia yangu ilikuwa hivi: maneno yale yakisikika mtoni, basi ameifungua akasoma, nimemkamata. Yasiposikika, Alhamisi naichukua barua yangu naichana.

Siku mbili nilishinda mtoni na mtungi mmoja, masikio nimeyatega. Kimya. Alhamisi nikaenda kwa Mwamvua, akanipokea kwa furaha. "Shoga, ile ya Zena imekwenda jana. Nilipata mtumbwi, nikaona maskini yule anangoja sana."

Nililipuka. Badala ya kusema kosa langu, nikamtolea yote ya moyoni: mnafiki wewe, unasoma barua za watu, unanimalizia kazi! Mwamvua akatua kikapu chini.

"Mimi nisome? Juu ninapajua kwa sababu ndiko unakoanzia bismillahi, miaka mitatu nakuona. Siri unazitoa wewe, kule mwaloni. Ukiwasomea watu 'nimekuwa ukuta wa mvuani, kila siku nabomoka upande mmoja', unadhani nani hapa hajui mama anayesema hivyo? Wananiuliza, nami nakataa, nakutetea."

Akabeba kikapu chake. Tangu siku hiyo hatusemezani, na aliyosema ni kweli. Majina niliyaficha, lakini katika mji mdogo kama huu maneno ya mtu ni uso wake.

Juzi Zena akaja mbio na jibu. "Nisomee, dada, anakuja lini?" Nikafungua. Mistari mitatu tu. Ulichokitaka umekipata. Nimekuacha talaka moja mbele ya mashahidi wawili. Mtoto nitamfuata akikua. Zena ananitazama mdomo. Ulimi ukanisaliti, nikasema, "Anakusalimu sana. Anasema paa mvumilie kidogo." Akanishika mikono yote miwili akishukuru, "Murakoze cane, dada." Aliomba aondoke na barua yake, nikamwambia aiache nimsomee vizuri siku nyingine. Akanitazama kidogo. Ananishuku, au ni moyo wangu tu? Jana nimemwona anakanda udongo mweupe, anapaka nyumba.

Talaka ni moja. Eda haijaisha, na mume akiujua ukweli anaweza kumrejea. Lakini siku zinakwenda, na Zena hajui hata kama yuko edani. Nikimwambia, nani tena hapa atanipa siri yake, na wanangu watakula nini? Nikimwandikia mume kwa siri, mtu ninayemwamini kuifikisha barua ni mmoja tu, naye hata salamu yangu hapokei. Nikinyamaza, nimemvunjia mwenzangu ndoa kwa mkono wangu na kalamu ya baba yangu.

Na kesho Zena anakuja kuandikisha jibu. Anataka mume aambiwe kwamba nyumba imekwisha kupakwa, arudi tu. Atakaa pale kwenye mkeka, ataniambia maneno yake, nami nitakuwa nimeshika kalamu. Nishaurini, nifanye nini? Niandike nini?