Icansi ya Mama huko Kinindo

Vita vilipotufanya tuukimbie mtaa wetu wa Kamenge, mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, akashika sufuria moja, na icansi ikabaki nyuma ya mlango. Icansi ni chombo cha mti cha kukamulia maziwa. Hii ilitoka kwa bibi, na mdomo wake ulipopasuka, baba aliushona kwa waya wa shaba. Baba hatukukimbia naye, alikuwa ameshauawa. Tuliporudi, waporaji walikuwa wamebeba mpaka mlango wenyewe.

Vita vikiwa bado vinaendelea, bwana mmoja wa kigeni wa mashirika ya misaada alifanya maonyesho ya urithi wa Burundi sebuleni kwake, mtaa wa Kinindo. Mimi niliitwa kupanga viti. Nikaiona icansi yetu mezani, waya uleule, na kibandiko mbele yake: "Fundi hajulikani." Niliacha viti hapo hapo nikaenda kumleta mama.

Mama aliinama akainusa, akajitupa nyuma. Kwetu icansi haioshwi kwa sabuni. Hufukizwa kwa moshi wa majani, na harufu hiyo ndiyo utamu wa maziwa. Wao walikuwa wameipaka vanishi mpaka ndani! Chombo kilichotulisha wamekigeuza mguu wa kiti.

"Mama, apana gusa," mlinzi akasema.

"Nisiguse kitu yangu? Iyi waya ni bwana yangu aliishona. Mutu anajulikana!"

Mwenye nyumba akaja na kusema aliinunua sokoni, kwa haki. Sokoni! Utadhani soko ndilo lililoizaa. Mama hakusogea. Wageni walipoanza kunong'ona, yule bwana akageuka ghafla, akatabasamu, akamwita mpiga picha, akatangaza kwamba anampa mama icansi hiyo kama kado.

Kado! Atupe zawadi ya mali yetu, na tumshukuru?

Sasa, mama huyu alitupiga vidole kila tulipopokea hata ndizi kwa mkono mmoja. Kwetu ukipewa kitu unapokea kwa mikono miwili, na unashukuru. Mpiga picha alikuwa ameinua kamera, anaingoja mikono hiyo.

Mama alinyoosha mmoja tu, wa kushoto, akaichukua icansi bila shukrani. Wa kulia ulikuwa unabandua kile kibandiko.