Mwanaidi na Bucha

Waendesha bodaboda wa Manundu, pale Korogwe, wanamwogopa Mwanaidi kuliko trafiki. Ana duka la vipuri vya pikipiki, na ukimwambia "punguza kidogo mama", anakutazama mpaka unajikuta unaomba radhi. Pikipiki yake anaifungua mwenyewe na kuifunga mwenyewe, na akishaipanda, helmeti juu ya hijabu, vijana wanampisha njia.

Basi binti yake Rukaya alipoleta habari kwamba amepata mchumba, Mwanaidi aliuliza jambo moja tu.

"Anafanya kazi gani?"

"Ana biashara ya burudani, Handeni," Rukaya akajibu, macho kwenye sufuria.

"Burudani ipi?"

"Ya vijana."

Kufika Ijumaa, wateja wa dukani walikuwa wameshamletea Mwanaidi habari kamili. Kijana anaitwa Zaidi, kwao Kwaluguru, na hiyo burudani ni banda la gemu. Mumewe Twaha, mtu mpole asiyependa makelele, akashauri wasubiri washenga waje kwa utaratibu. Mwanaidi akasema kazi ya washenga ni kusifia, angesifiwa hata mbuzi. Jumatatu akafunga duka, akavaa helmeti, akashika barabara ya Handeni.

Banda lilikuwa nyuma ya stendi, limepakwa rangi ya chungwa. Alipotokeza mlangoni, vijana wawili wenye ndevu zao wakachomokea dirishani. Akina mama wanaofika pale huja na fimbo.

"Shikamoo mama," akasema kijana mrefu aliyekuwa amepiga magoti akichomeka nyaya. "Kama unamtafuta mwanao, hapa hayupo. Wanafunzi siwaruhusu saa za masomo, nakuapia."

"Marahaba. Sijamfuata mtu. Naangalia tu."

Ndiye huyo. Mwanaidi alikuwa ameshayapanga maswali yake njiani, makavu, yasiyo na huruma, na la kwanza lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo TV ya pembeni ikaanza kupiga muziki.

Ulikuwa muziki wa kijinga, tarumbeta kama za bati na ngoma inayokimbia kama imeiba kitu. Mwanaidi vinyweleo vikamsimama. Miguu ikamsogeza mbele bila kumwomba ruhusa.

Zamani, alipokuwa binti mdogo, shangazi yake alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya barabarani hapo Korogwe, mabasi ya Arusha na Moshi yaliposimama abiria wapate kula. Kwenye kona ya hoteli palikuwa na mashine ya gemu ya kupigana, kubwa kama kabati la nguo, ya kutumbukiza sarafu. Mwanaidi aliosha sahani, na kila shangazi alipogeukia jiko, yeye aligeukia kona. Matingo wa mabasi walimcheka, kwa sababu alimchagua mpiganaji ambaye hakuna aliyemtaka: jitu la kipara lenye aproni nyekundu, zito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa. Wote walimwita Bucha. Bucha hakuweza kuruka wala kukimbia. Lakini akikufikia akakukumbatia, umekwisha habari yako. Haukupita muda mrefu, matingo wakaacha kucheka. Dereva mmoja alifungwa mfululizo akakataa kuondoka, mpaka abiria wakamfuata ndani na vifurushi vyao kumdai safari.

Kisha mashine ikaungua, hoteli ikafungwa, Mwanaidi akaolewa, akazaa, akafungua duka. Mambo ya Bucha hakumsimulia mtu. Angeanzia wapi?

Na sasa Bucha huyo hapo, kwenye TV bapa ya Handeni, anajipigapiga tumbo.

"Hili gemu umelitoa wapi?" akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba, akajishangaa.

Uso wa Zaidi ukachanua. "Limetoka upya, mama! Kampuni iliyolitengeneza imekusanya magemu yake yote ya zamani ya kupigana, ikayatoa pamoja kwa ajili ya mashine za sasa. Nilivyolishusha, bando langu lote likaisha."

"Wameyabadilisha?"

"Hata kidogo, ndiyo raha yake. Michoro ile ile, muziki ule ule. Wameongeza tu vya pembeni: ukikosea unaweza kurudisha nyuma, ukitaka unapigana na mtu wa Brazili kwa mtandao. Ila wateja wangu hawaligusi. Wanasema watu wake wamechorwa mraba mraba. Wao ni mpira tu, mpira tu."

Mwanaidi akaweka helmeti chini, akakaa kwenye benchi.

"Nipe pedi."

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mashine ya zamani ilikuwa na kishikio cha kushika kiume. Hii pedi ilikuwa ndogo, imejaa vitufe kama maharage. Bucha akawa anachutama hovyo kama mtu aliyepoteza sindano. Zaidi alimchagua jamaa mwembamba wa mateke ya haraka, akamchakaza Bucha raundi nzima, na aliposhinda akasahau adabu zote. Aliruka juu ya benchi, akakata kiuno.

"Kalale, bibi! Kamwambie babu akukande!"

Wale wawili wa dirishani, waliposikia shangwe, wakarudi kwa njia ile ile waliyotokea.

"Tena," akasema Mwanaidi.

Katikati ya raundi ya pili kidole gumba kikakumbuka. Nyuma, nusu duara, mbele, bonyeza. Bucha akafungua mikono, akamkumbatia yule mwembamba, akapaa naye mpaka nje ya TV, akashuka naye kwa kishindo. Mara moja. Mara ya pili. Mwanaidi akapiga kigelegele kilichosikika mpaka stendi, na wakata tiketi wakaja kuona ni harusi ya nani.

"Mama!" Zaidi alikuwa ameshika kichwa. "Wewe ni nani?"

"Mimi? Mama yake Rukaya."

Pedi ilianguka. Zaidi akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta, akaushika mdomo uliosema kalale bibi.

"Shikamoo mama," akasema upya, kwa sauti ya mtu anayezama. Mmoja wa wale wenye ndevu alicheka mpaka akadondoka kwenye benchi.

"Marahaba. Kaa. Tuko sare, moja moja."

Zaidi akakaa pembeni kabisa mwa benchi, nusu ya makalio hewani, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe. Raundi ya mwisho ikaanza, na yule mwembamba akawa ghafla mpole kama mgonjwa. Alipiga teke moja, akasimama, akangoja kukumbatiwa. Mwanaidi akasimamisha gemu.

"Unaniachia."

"Hapana mama, ni kwamba..."

"Mwanangu akipika ugali mbichi utamwambia mtamu? Duka likimfilisikia utamwambia linaenda vizuri? Sikuacha kazi zangu nikaja huku kubembelezwa. Cheza!"

Zaidi akameza mate, akakunja mikono ya shati, akacheza. Loo! Banda lilijaa mpaka mlangoni. Bucha alishika, yule mwembamba akachomoka, akapigwa, akainuka, wote wawili wakabakiwa na uhai wa kutia kwenye kijiko. Teke la mwisho likampata Bucha kidevuni, akaenda chini polepole, aproni juu ya uso.

Watu wote wakamtazama Mwanaidi.

Akacheka. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya hijabu, akacheka tena, akampiga Zaidi kofi la bega lililomsukuma nje ya benchi kabisa.

"Umenifunga, mshenzi wewe! Umenifunga! Rudia!"

Walirudia, wakarudia, wakapumzika kuswali alasiri, wakarudia. Simu ilipoita, Mwanaidi aliibana kwa bega huku vidole vikiendelea na kazi.

"Umemwona kijana?" akauliza Twaha.

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Anapenda kuruka sana. Halafu upande wa kushoto hajilindi. Ila ni mkweli, Twaha. Waambie washenga waje."

"Kuruka?" akasema Twaha. "Mke wangu, uko wapi?"

Washenga walikuja, mambo yakaenda, Rukaya akaolewa baada ya Idi. Maharusi walipokuja Korogwe kusalimia wazee, Zaidi alibeba mashine yake kwenye begi, na baada ya chakula wakamkalisha Twaha sebuleni wakampa pedi. Mzee aliishika juu chini, akabonyeza kila kitu kwa wakati mmoja, huku jasho likimtoka, Rukaya na mama yake wakimpigia makelele, kila mmoja na lake. Hatimaye akainua mikono miwili juu.

"Nimeshinda!" akapaza sauti mtu yule asiyependa makelele. "Mmeona? Nimempiga!"

Mpiganaji wa Twaha alikuwa amelala chali tangu kitambo. Mzee alikuwa anamtazama yule mwingine, akidhani ndiye wake. Mwanaidi akatazamana na mkwe wake, wote wawili wakauma midomo.

"Umempiga, baba," akasema Zaidi. "Tuongeze moja?"