Shahidi wa Samawati

Ofisini kwa shangazi yangu, maana ya rangi haiandikwi kutoka kichwani. Kila rangi ina shahidi wake, yaani kitu ambacho msomaji yeyote anaweza kwenda kukitazama mwenyewe: damu kwa nyekundu, majivu kwa kijivu, mkaa kwa nyeusi. Na kabla maana haijaingia kwenye kamusi, shahidi huyo sharti aletwe mezani, awekwe penye mwanga wa dirisha, atazamwe upya, hata kama unamjua tangu unatambaa. Utaratibu huo aliuanzisha shangazi mwenyewe, ambaye wenzake kazini humwita Bi Maana. Mimi niliuona ni utaratibu wa watu wasio na shughuli.

Mimi nauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwetu rangi ni ndoo yenye namba. Mteja ananyoosha kidole, unamchanganyia, anakwenda zake. Lakini siku moja nilimpelekea shangazi funguo alizosahau, nikawakuta yeye na wenzake wameinamia bakuli la kunde zilizochemshwa, wanayatazama yale maji kimya kama watu walio msibani. Walikuwa wanaiandikia maana rangi ya maji ya kunde.

"Na damu ya mzee je?" niliwachokoza. "Shahidi wake mtamtoa wapi?"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Tulimwomba mhariri mkuu kidole, akakataa."

Nilicheka mpaka mlangoni. Ila njiani kicheko kiliniisha, nikapigwa na butwaa. Nilifikiri kwamba zamani, mtu tusiyemjua aliutazama wekundu fulani uliokolea, akasema huu ni wa damu ya mzee, na aliyekuwa karibu naye akaona kweli. Kisha neno likapita mdomo kwa mdomo mpaka likafika dukani kwangu, na mteja akilitamka namchanganyia anachokitaka bila kuuliza mara mbili. Na bado hakuna awezaye kumweleza mwenzake nyekundu ni nini. Tunachoweza ni kumwambia nenda ukatazame. Nilisimama kando ya barabara na mwili ukinisisimka, mimi ambaye siku nzima nakoroga ndoo.

Matata yalianzia kwenye samawati. Kamusi ya zamani ilisema: rangi ya anga lisilo na mawingu. Shangazi, kwa utaratibu wake, alitoka uani kumtazama shahidi. Akarudi akalifuta anga.

"Hiyo si samawati tena," aliwaambia wenzake. "Ni kijivu kilichofuliwa. Moshi wa magari umelimaliza anga."

Wenzake wakatoka, wakaona samawati tupu. Yeye akawaambia wanaona walichofundishwa shuleni, si kilichopo. Mzozo ukaendelea kila asubuhi, mpaka mhariri mkuu, mtu mpole asiyependa kelele, akamwambia kamusi inakwenda kiwandani kuchapwa, na ikiwa hawezi kukubaliana na wenzake, sehemu yote ya rangi atapewa mwingine. Shangazi alikuwa karibu kustaafu. Hakuzaa, na zile rangi ndizo alizozilea. Alikuja nyumbani kwangu na hasira zake.

"Na wewe," alisema hata kabla ya kuketi, "mbona umevaa gauni jeusi? Umefiwa na nani?"

Nilikuwa nimevaa sare ya dukani. Ni ya buluu iliyokolea, na kila anayepita mtaani kwetu anaijua.

Nilitoa kwenye mkoba wangu vibao vya sampuli, nikavilaza viwili mezani mbele yake, kimoja cheusi, kimoja cha buluu.

"Shangazi, kipi ni kipi?"

Alivitazama. Akavipeleka dirishani. Akavigeuza, akavisugua kwa kidole gumba. "Unanitania, mwanangu. Hivi ni pacha."

"Si pacha."

Nyani haoni kundule, lakini shangazi alikuwa na akili ya kuelewa akionyeshwa. Aliketi polepole. Alijua jina la kitu hicho, na maana yake aliwahi kuiandika mwenyewe: mtoto wa jicho. Alijua pia dawa yake, na hapo ndipo hofu ilipokuwa. Mama yake, yaani bibi yangu, alipasuliwa macho akarudi haoni kabisa, akatutambua kwa kutupapasa nyuso mpaka alipofariki.

"Bora nione kijivu kuliko nisione," alisema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, shangazi."

"Usinirushie methali. Hiyo nimeieleza mimi, ukurasa mzima."

Alikuwa bado ameshika vile vibao, kimoja kila mkono. Halafu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Basi nimemfuta shahidi wa kweli. Nimeliita anga la watu mwongo." Akainuka, akajifunga kitambaa vizuri. "Kesho unipeleke. Jicho moja kwanza. Likiharibika, nitabaki na hili la kijivu."

Daktari alimtoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Asubuhi iliyofuata muuguzi alifungua bandeji, akampa matone na bahasha ya vidonge, akatuachia tutoke. Ua wa hospitali ulikuwa na tangi la maji, ukuta wa matofali na mashuka yaliyoanikwa. Mawingu hayakuwepo. Nilimshika kiwiko nikiogopa kumwuliza lolote.

Shangazi aliinua uso. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akahamishia kiganja kushoto, akatazama. Akarudia, akarudia tena, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Kumbe upo," aliliambia anga. "Ulikuwepo muda wote. Niwie radhi."

Nilitazama juu pamoja naye. Anga lile nimeishi chini yake maisha yangu yote, na naapa sikuwahi kuliona. Machozi yalinitoka, nikaona haya kuyafuta. Yeye alikwisha kunigeukia, akinikagua kuanzia kola hadi pindo.

"Kumbe hukufiwa."

"Sikufiwa, shangazi."

Aliniomba kalamu. Aliiegemeza ile bahasha ya vidonge kwenye tangi, akaandika, kisha akanisomea kwa sauti, taratibu, kama mtu anayetoa habari ambayo bado haijamfikia yeyote:

"Samawati. Rangi ya anga lisilo na mawingu."

Akainua uso tena, kuhakikisha.